Paswadi moja ya ofisi nzima ifutwe

Mkulima wa Mogogosiek akishafikisha majani chai kituoni, mzani ukasoma na karani akamkatia risiti, kilo zake zinageuka kuwa mstari mmoja ndani ya hifadhidata: nambari ya mkulima, tarehe, kituo, uzito, karani aliyepokea. Malipo ya kila mwezi yanatoka kwenye mistari hiyo. Bonasi inayosubiriwa kila Oktoba inatoka kwenye mistari hiyo hiyo ikijumlishwa. Sacco ikitaka kujua kama mkulima anaweza kulipa mkopo, inaangalia hapo hapo. Basi tunauliza swali ambalo mkulima ana kila haki ya kuliuliza: yeye akishaondoka kituoni, ni nani mwingine anayeweza kuubadilisha mstari wake?

Jibu likiwa "yeyote anayekaa mbele ya kompyuta", tuna shida. Na katika ofisi nyingi mno jibu ndilo hilo.

Ingia katika ofisi ndogo ya ushirika, ya Sacco, ya wakala wa majani au hata ya shule, utazame chini ya kioo cha kompyuta. Kuna kikaratasi cha manjano kimebandikwa. Juu yake pameandikwa jina la mtumiaji, ambalo ni "admin", na paswadi, ambayo ni jina la ofisi likifuatwa na mwaka. Mwaka wenyewe ni wa kitambo, maana tangu fundi aliyeweka programu aondoke hakuna aliyebadilisha chochote. Kikaratasi hicho kinatumiwa na karani, mhasibu, mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu, na kijana anayekuja kutengeneza printa. Asubuhi mmoja anaufungua mfumo, jioni mwingine anaufunga, na mchana kutwa wote wamekuwa mtu mmoja anayeitwa admin.

Ukiwauliza kuhusu usalama watakuambia habari za wadukuzi wa ng'ambo. Wamenunua programu ya kuzuia virusi. Wameweka vyuma madirishani na askari langoni. Ni sawa. Lakini mtu wa kuchezea kilo za mkulima hana haja ya kudukua kitu kutoka Urusi. Anahitaji kiti, dakika tano na kile kikaratasi.

Mwenye shamba akimwajiri mchumaji humpa kikapu. Hampi na ufunguo wa nyumba, wa ghala na wa sanduku la hatimiliki eti kwa kuwa anamwamini. Anamwamini, na bado anampa kikapu tu, kwa sababu kazi aliyomwitia inataka kikapu. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliliandika jambo hili kama kanuni ya kompyuta: kila mtumiaji apewe ruhusa ndogo kabisa inayotosha kazi yake. Wakulima wetu hawakuhitaji kusubiri waandikiwe. Wanaojifanya hawaelewi ni wanaoendesha ofisi.

Dawa nayo ni ya zamani kuliko makarani wengi wanaoihitaji. Hifadhidata hizi za majedwali, zinazopanga taarifa kwa safu na mistari, zilitokana na wazo alilochapisha Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Kufikia 1976 wenzake wawili wa kampuni hiyo, Patricia Griffiths na Bradford Wade, walikuwa wameshachapisha namna ya kugawa ruhusa ndani ya hifadhidata hizo na namna ya kuziondoa. Amri ni mbili: GRANT ya kutoa na REVOKE ya kunyang'anya. Ziko hadi leo katika MySQL na PostgreSQL, ambazo zinapatikana bure, na ziko katika Oracle na SQL Server, ambazo watu hulipia. Mfumo wowote wa kupima majani, wa mishahara au wa akiba uliojengwa juu ya mojawapo ya hizo tayari una dawa hii tumboni. Hakuna cha kuagiza.

Tunaiandika amri yenyewe hapa, makusudi, ili mkurugenzi yeyote asituambie kuwa haya ni mambo mazito:

GRANT SELECT, INSERT ON mapokezi TO karani;

Maana yake ni kwamba karani anaruhusiwa kulisoma jedwali la mapokezi na kuongeza mstari mpya. Basi. Amri haikutaja UPDATE, kwa hiyo karani hawezi kubadilisha uzito uliokwisha kuingia. Haikutaja DELETE, kwa hiyo hawezi kufuta. Akijaribu, hifadhidata yenyewe inamkatalia, hata akipitia mlango wa nyuma bila kufungua ile programu ya ofisi. Neno "karani" hapo ni jukumu la kazi. Kila mtu anayefanya kazi hiyo anafunguliwa akaunti kwa jina lake, yenye paswadi anayoijua yeye peke yake, kisha anawekwa ndani ya jukumu hilo. Mhasibu ana jukumu lake: anasoma kilo na kuandaa malipo lakini haingizi kilo. Msimamizi wa kituo kimoja aone kituo chake, asione cha jirani. Mkaguzi asome kila kitu, asiandike popote.

Makosa yatakuwepo. Karani ataandika 83 badala ya 38, hasa jioni mvua ikinyesha na foleni ikiwa ndefu. Kosa lazima lirekebishwe, ila si kwa kufuta. Wahasibu walilijua hili tangu siku za vitabu vya wino: unaliacha kosa lilivyo, unaandika chini yake mstari wa kulirekebisha, unatia sahihi. Ndani ya hifadhidata ni vivyo hivyo. Mstari wa 83 unabaki. Unaongezwa mwingine wa kutoa 45, ukiwa na jina la aliyeomba na jina la msimamizi aliyekubali, na hao wawili wasiwe mtu mmoja. Mkulima akija kuuliza, anaonyeshwa yote.

Leo akija kuuliza anapata nini?

"Mama, mfumo ndio unasema hivyo."

"Na mfumo umeambiwa na nani, mwanangu?"

Hapo karani anakuna kichwa, na hatumlaumu, kwa sababu hata yeye hajui. Mfumo unasema aliyebadilisha ni admin. Admin ni ofisi nzima, pamoja na kijana wa printa.

Kilo ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo haizungumzwi vya kutosha, ni akaunti ya kulipwa. Jedwali la wakulima lina safu ya jina, ya kitambulisho, ya simu, na ya benki au Sacco ambako pesa zinapelekwa. Mwizi mwenye akili hagusi kilo, maana kilo mkulima anazo kwenye risiti na anazijumlisha mwenyewe kwa kalamu. Anagusa safu ya akaunti. Siku mbili kabla ya malipo anaweka nambari nyingine. Malipo yakishapita anairudisha ile ya zamani. Mzee akija kulalamika, kila kitu kwenye kioo kiko sawa: jina ni lake, nambari ni yake, na mfumo unaonyesha alilipwa. Anaambiwa arudi nyumbani akawaulize watoto wake.

Hatusemi kiwanda hiki au Sacco ile imefanya hivyo. Tunasema kwamba ofisi yenye paswadi moja haina namna ya kuthibitisha kuwa halijafanyika, na hilo peke yake ni kosa. Kuliziba ni kazi ndogo. Hifadhidata kubwa zote zinaweza kutoa ruhusa hadi ya safu moja moja. Karani aone jina na nambari ya mkulima, asiguse akaunti. Akaunti ibadilishwe na watu wawili, mmoja akiingiza na wa pili akiidhinisha, na kila badiliko liandikwe kwenye jedwali la pembeni: nambari ya zamani, nambari mpya, nani, siku gani, saa ngapi. Mkulima atumiwe ujumbe wa simu papo hapo, na utumwe kwenye nambari ya zamani, kwa sababu ile mpya huenda ni ya mwizi. Wiki ya malipo safu hiyo ifungwe kabisa. Mwenye akaunti mpya atasubiri siku chache, hatakufa.

Tukumbuke pia hali ya soko. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamekuwa wakinung'unika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Sehemu kubwa ya jambo hilo inaamuliwa na bei za mnada wa Mombasa, na hakuna amri ya hifadhidata inayoweza kupandisha bei ya chai. Lakini mkulima aliyepata kidogo ana haki ya kujua kwamba hicho kidogo kimehesabiwa sawasawa. Ofisi isiyoweza kumwonyesha hivyo inachochea moto ambao ingeweza kuuzima kwa karatasi moja.

Kenya haina kisingizio cha kusema haikujua. Mwaka 2015, katika sakata ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, tuliambiwa kuhusu Sh791 milioni zilizopitia IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali uliojengwa juu ya Oracle. Naibu mkurugenzi mkuu wa NYS wa wakati huo alisema paswadi yake ilitumiwa na watu wengine. Hatuifungui upya kesi hiyo hapa. Tunachukua jambo moja tu. Kama alisema kweli, paswadi ya mkubwa ilikuwa ya wengi. Kama hakusema kweli, paswadi za mfumo huo zilikuwa zimelegea kiasi kwamba maneno kama hayo yangeweza kuaminika. Vyovyote vile, programu ya bei ghali haikusaidia kitu pale ambapo watu wanapeana paswadi kama salamu.

Na yapo majedwali mengine yasiyo ya majani. Orodha ya mishahara katika kaunti: anayeweza kuongeza jina jipya na kuidhinisha malipo ya jina hilo hilo anaweza kuzaa mfanyakazi hewa kabla ya chai ya saa nne. Rekodi za hospitali: mpokea wagonjwa anahitaji jina na nambari ya faili, hana haja ya kusoma majibu ya maabara ya jirani yake. Rekodi za shule: mwalimu aweke alama za somo lake, asiweke za somo la mwenzake. Kazi ni ile ile, amri ni zile zile.

Visingizio tumevisikia vyote.

"Sisi hapa tunaaminiana." Vizuri. Huku watu wanafahamiana. Karani ni mtoto wa jirani, mhasibu mlikaa naye dawati moja Litein. Ndiyo sababu hasa kila mmoja apewe jina lake ndani ya mfumo. Pesa zikipotea chini ya paswadi ya pamoja, anayeshukiwa ni kila mtu, na kwa kawaida lawama inamwangukia mdogo kuliko wote, karani wa mkataba asiye na wa kumtetea. Akaunti ya mtu binafsi inamlinda mwaminifu hata kabla haijamnasa mwizi.

"Karani akiwa likizo kazi itakwama." Haitakwama. Anayemshikia zamu anaingizwa kwenye jukumu hilo Jumatatu na kuondolewa siku mwenye kazi anaporudi. GRANT moja, REVOKE moja.

"Watu watasahau paswadi." Watu hao hao hawasahau PIN ya M-Pesa, na hatujaona aliyeibandika kwenye kioo cha simu. Mtu hukumbuka paswadi ya pesa zake. Ya pesa za wenzake ndiyo anayoiandika kwenye kikaratasi.

"Hatuna bajeti." Bajeti ya nini? Programu mnayo. Amri zimo ndani yake. Kinachotakiwa ni fundi anayejua kazi yake na meneja wa kukaa naye mezani kumwambia nani anafanya nini hapa. Hilo la pili ndilo linaloogopwa, kwa kuwa meneja akianza kuandika nani anafanya nini, atagundua kuna watu ambao hata yeye hajui wanafanya nini.

Kisingizio kilicho na uzito kidogo ni hiki: "Mwenye programu yuko Nairobi." Ni kweli. Ofisi nyingi hazijui paswadi ya juu kabisa, ile ya root kwenye MySQL au sa kwenye SQL Server. Anayo kampuni iliyowauzia mfumo, na pengine anayo kijana aliyekwisha kuacha kazi katika kampuni hiyo. Kuna ubaya zaidi. Programu zenyewe mara nyingi zimeandikwa ziingie kwenye hifadhidata kwa akaunti hiyo kubwa, na paswadi yake imeachwa wazi ndani ya faili moja kwenye kompyuta. Kwa hiyo vile vyeo vizuri unavyoviona ukifungua programu, karani, msimamizi, mhasibu, havimzuii mtu anayejua faili liko wapi. Anaiacha programu kando, anaingia moja kwa moja kwenye majedwali na kufanya apendavyo.

Wakubwa wamenasa hapo pia. Mwanzoni mwa 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilisema mfumo wa bima ya afya wa SHA, unaogharimu Sh104.8 bilioni, haumilikiwi wala haudhibitiwi na serikali. Ikiwa Afya House, makao ya Wizara ya Afya, inaweza kukuta ufunguo uko mfukoni mwa mwingine, kijichama cha akiba kule Sotik kitajiona salama kwa lipi?

Wanunuzi wa mifumo waache kutia sahihi kama watu wanaonunua kiti. Mkataba useme kwamba akaunti ya juu ni ya ofisi, na paswadi yake itakaa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Useme kwamba programu itaingia kwenye hifadhidata kwa akaunti yenye ruhusa chache. Useme kwamba fundi wa kampuni atakuwa na akaunti yake mwenyewe, itakayofunguliwa siku ana kazi na kufungwa akimaliza. Kampuni itakayokataa masharti hayo imejieleza. Mwende kwa nyingine.

Kuna na walioondoka. Katika nchi ya majani chai watu huhama sana: makarani huhamishwa kituo hadi kituo, mikataba ya msimu huisha, wengine huvutwa na mashamba makubwa. Mashamba hayo nayo hubadilisha wenyewe. Yaliyokuwa ya Unilever yaliingia mikononi mwa ekaterra, jina likawa Lipton, na 2024 ikatangazwa kwamba Browns ya Sri Lanka inayanunua. Kila badiliko la namna hiyo, liwe la kampuni nzima au la karani mmoja, ni siku ya kuipitia orodha ya watumiaji jina kwa jina. Barua ya kuacha kazi hupelekwa kwa meneja, kwa mhasibu na kwa chama cha wafanyakazi. Ni nadra kupelekwa kwa anayesimamia hifadhidata. Matokeo yake ni kwamba mtu yuko Mulot anafuga ng'ombe na akaunti yake bado iko hai Kapkatet, na kuna anayeitumia. Akaunti ifungwe siku ile ile ya barua, kabla ya keki ya kuagana.

Kumbukumbu za mfumo nazo zisikae mahali ambapo anayefuatiliwa anaweza kuzifuta. Zipelekwe kwenye mashine nyingine, chini ya mtu mwingine, na kuwe na anayezisoma kila mwezi. Kumbukumbu zisizosomwa na mtu zinajaza diski tu.

Sheria ipo, kwa wale wanaongoja kuambiwa na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019. Inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na zikivuja kwa namna ya kuwadhuru amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea kilicho kidogo. Si maneno matupu: Septemba 2023 afisi ya Kamishna Immaculate Kassait iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kama picha zilifika bei hiyo, mwenye kutunza vitambulisho, simu na akaunti za maelfu ya wakulima ajipigie hesabu.

Tena kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Anayeingia kwenye mfumo bila idhini anaweza kutozwa hadi Sh5 milioni, kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. Ni sheria kali, na haina kazi katika ofisi ya paswadi moja. Mwendesha mashtaka wa Kericho hawezi kumpandisha admin kizimbani.

Sasa kwa wakurugenzi. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, katika kaunti zetu za Kericho na Bomet, kuanzia Momul na Litein hadi Kapkoros na Tirgaga, ni mali ya wakulima wenye hisa, na wakurugenzi wanachaguliwa na wakulima hao hao. Sacco nazo zina wanachama wanaopiga kura. Hakuna sababu ya jambo hili kuachiwa kijana wa kompyuta peke yake. Yeye anajua kuandika amri. Hana mamlaka ya kumwambia meneja kwamba na yeye hatakiwi kuwa na ruhusa ya kufuta. Hilo lazima litoke kwenye bodi, kwa maandishi, na limguse meneja kwanza kabla halijamgusa karani. Tumeona mara nyingi mno utaratibu unaoanza kwa wadogo na kuishia hapo.

Na kwa wakulima. Hifadhidata yoyote kati ya tulizozitaja inaweza kutoa orodha ya watumiaji wake wote na ruhusa za kila mmoja. Kwenye MySQL amri ya kuuliza ruhusa za mtumiaji inaitwa SHOW GRANTS, na zilizobaki zina yao. Kwa kiwanda kizima orodha hiyo itajaa karatasi moja, pengine mbili. Ombeni isomwe katika mkutano mkuu wa mwaka kama hesabu zinavyosomwa: ni watu wangapi wanaweza kubadilisha kilo zetu, wangapi wanaweza kubadilisha akaunti zetu, na ni nani kati yao ambaye hayuko kazini tena. Msomaji akikutana na jina "admin", mkateni hapo hapo mumuulize ni nani.

Mkurugenzi atakayeshindwa kuileta karatasi hiyo kabla ya malipo ya Oktoba asije kuomba kura.